Uzi: Namfundisha mtoto wa mbwa kutembea na kamba, lakini avenii yetu imejaa mbwa walioachiwa (Lubumbashi)

Mama Shaba, Bel-Air

Jambo wote. Naandika usiku, goti limefungwa kitambaa, na Shaba amelala chini ya kiti changu badala ya kwenye gunia lake. Tangu asubuhi hajataka kutoka hapo.

Shaba ni jike wa miezi minne na nusu. Nilipewa na mwenzangu wa kazini akiwa na miezi miwili. Alivyo mwekundu, jina halikutafutwa. Mama yake ni mbwa wa kawaida wa hapa kwetu, baba hajulikani. Chanjo za utoto amemaliza, na ya kichaa cha mbwa alipata alipotimiza miezi mitatu. Kadi iko kabatini. Namfundisha mwenyewe: kuitika jina, kukaa, kusubiri mbele ya sahani, kutembea na kamba bila kuvuta. Ndani ya parseli anafanya yote. Shida inaanza lango likifunguka.

Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla motari (madereva wa pikipiki) hawajawa wengi. Kwenye avenii yetu nimehesabu mbwa saba wanaozunguka bila kamba. Nataka mlielewe hili: hakuna hata mmoja kati ya hao saba asiye na mwenyewe. Najua kila mmoja analala parseli gani.

Leo tulikuwa tumeshapita mwembe wa pili, Shaba yuko ubavuni mwangu, kamba imelegea, nimempa kipande cha pafu la kuchemsha kwa kutembea vizuri. Lango la kijani lilikuwa wazi, sentineli (mlinzi wa nyumba) anafagia. Mbwa mkubwa wa manjano akatoka mbio, kichwa chini, bila kubweka. Nikakaza kamba, nikamvuta Shaba kwangu, nikapiga kelele. Akamfikia kabla sijamnyanyua, akamlaza chini na kumkanyaga. Shaba alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nilipomwinua, mbwa akanirukia mimi. Kitenge kikachanika, nikaanguka kwa goti.

Papa mwenye nyumba akatoka na mswaki mdomoni. "Mama usiogope, huyo haumi, anataka kucheza tu." Kisha akaongeza: "Na wewe, kwa nini unamtembeza mbwa na kamba kama mbuzi wa sokoni?"

Sikujibu. Nilikuwa natetemeka.

Jioni nilijaribu kumtoa tena. Alifika langoni kwetu akakaa chini, masikio yamelala, hata pafu akakataa. Mtoto wa mbwa anayekataa nyama ameumia mahali ambapo macho hayaoni. Naomba mniambie nimfanyeje asikue mbwa wa kuogopa na kuuma. Na mbwa huru akija mbio, mimi nifanye nini na mikono hii miwili? Na yule papa nimwambie nini? Tunaishi avenii moja, mke wake tunasali pamoja, siwezi kumfanya adui.

Papa wa Katuba

Pole mwanangu. Mimi nimekua na mbwa Katuba tangu utoto. Dawa ni jiwe. Wala usirushe: inama tu kama unaokota, utaona anavyogeuka. Na ubebe fimbo ya mpera. Mambo ya kuwapa mbwa nyama barabarani ndiyo yanayowaita.

Kijana wa Kenya

Pole yaya, dada yangu. Miye niko wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Miye nasema imbwa haina makosa, ni bantu njo beko na makosa.

Mwanafunzi wa mifugo, Kasapa

Mama Shaba, pole sana. Ninasoma uganga wa mifugo hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwaka wa mwisho. Mafunzo ya Shaba tutayaongea, kwanza nijibu hili: mbwa aliposhika kitenge, meno yaligusa ngozi? Chukua taa uangalie mguu wote sasa hivi, mbele na nyuma. Usingoje kesho.

Mama Shaba, Bel-Air

Nimeangalia. Nyuma ya kifundo cha mguu kuna mkwaruzo, urefu wa kucha moja, damu imekauka. Sijui ni jino au ni changarawe nilipoanguka. Nilikuwa nashughulika na goti, huku sikuona.

Mwanafunzi wa mifugo, Kasapa

Usipojua, hesabu kwamba ni jino. Osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 ukiangalia saa, si kwa kukisia. Halafu dawa ya kuua vijidudu kama unayo. Usipake makaa, pilipili, mafuta ya breki wala majani. Asubuhi na mapema uende hospitali useme wazi: "Nimekwaruzwa na mbwa, ngozi ilitoka damu, sijui kama ana chanjo."

Nasema kwa ukali kwa sababu huu ugonjwa, kichaa cha mbwa, hauna mlango wa pili. Dalili zikianza kwa mtu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kutoka kwa mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, na mara nyingi hawasemi nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Lakini mtu akipata chanjo mapema, kabla ya dalili, anapona. Siku ya kwanza huitwa siku ya 0, kisha ya 3, ya 7, na kati ya 14 na 28.

La pili: yule mbwa asiuawe wala asifukuzwe. Tunamhitaji hai, mahali tunapomwona, siku 10. Mbwa aliyeuma akiwa tayari anatoa virusi kwenye mate, ndani ya siku hizo atabadilika: anakataa kula, hawezi kumeza, mate yanamtoka, anayumba, miguu inalegea, anauma hata mti, au mbwa mkali anakuwa mpole ghafla na kujificha gizani. Siku 10 zikipita yuko mzima, hospitali inaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Kwa hiyo kwa yule papa itabidi uende, upende usipende.

Dada wa Goma

Mama Shaba pole. Papa wa Katuba anasema jiwe. Sisi Goma tunakaa juu ya mawe, lava ya 2002 iko mpaka kwenye kuta za nyumba zetu, jiwe si la kutafuta. Na nakuambieni mbwa waliokua wakipigwa mawe wanagawanyika: wapo wanaokimbia, na wapo wanaokuja kimya kwa nyuma wakuume ukishapita. Mimi natembea na mwavuli, kiangazi na masika. Mbwa akija, naufungua ghafla mbele yake. Anasimama kushangaa, na mtoto wangu wa mbwa yuko nyuma ya huo mwavuli, haoni na haonekani. Ila kwanza umzoeze wako nyumbani, kufungua na kufunga huku anakula, au atakimbia yeye kabla ya huyo mwingine.

Papa wa Katuba

Dada, nilisema kuinama, sikusema kurusha.

Mwanafunzi wa mifugo, Kasapa

Papa, kwa heshima: kuinama kunafanya kazi kwa sababu mtu mwingine alisharusha. Kama ndicho kitu pekee kilichobaki, Mama Shaba ainame, sitamlaumu. Lakini mtoto wa mbwa yuko hapo anaangalia. Akiona kila mbwa akitokea mama yake anainama, anapiga kelele, anakaza kamba, atajifunza kwamba mbwa ni kitu cha vita.

Msomaji wa Morogoro

Samahani nawakatiza, uzi mzuri. Parseli ni nini?

Kijana wa Kenya

Kiwanja chenye nyumba na ukuta wake, yaya. Kwetu njo tunaita vile.

Mwenye mbwa watatu, Rwashi

Naona wote mnatulaumu sisi, basi niseme. Nina mbwa watatu na hawajui kamba. Parseli yangu haina ukuta, ina ua wa miti ambao hata kuku anapita. Wezi wakija usiku, mbwa wangu ndio wanaoamsha avenii nzima, mpaka majirani wasio na mbwa wananishukuru. Nikiwafunga, nani atalinda? Na mnyororo wa nguvu nitanunua kwa pesa gani wakati unga wenyewe wa bukari (ugali) ni wa kuhesabu? Sijawahi kusikia wameuma mtu. Mama aliyeumizwa nampa pole, lakini avenii si ya wenye kamba peke yao.

Mama Shaba, Bel-Air

Papa wa Rwashi, asante kwa kuja kusema, maana wengi wangesoma na kunyamaza. Usiku sikuombi uwafunge. Mchana, mtoto anapotumwa mkate akapita kwako, anajua kwamba hawaumi? Swali langu ni hilo tu. Na je, wana chanjo?

Mwenye mbwa watatu, Rwashi

Mmoja anayo. Wawili bado.

Sentineli, kartie Golf

Mimi ni sentineli, miaka tisa kazi hii. Niwaambie kitu ambacho wenye mbwa hawatawaambia, kwa sababu wengine hawakijui.

Mbwa mkubwa wa ulinzi anafungwa mnyororo mchana kutwa, wageni wasiogope. Usiku anaachiwa ndani ya kuta. Asubuhi, kabla patron hajaamka, sentineli anafungua lango mbwa atoke akajisaidie nje, kwa sababu patron hataki kuona mavi kwenye majani yake. Dakika hizo 15 ndizo pekee huyo mbwa anaziona barabara katika siku nzima. Hajui binadamu wa nje, hajui mbwa wengine, hajawahi kufundishwa kitu. Anatoka kama risasi. Ninyi mnapita na watoto wenu wa mbwa saa ileile.

Mama, usiende kwa patron kwanza. Nenda kwa sentineli. Msalimie, umuulize anafungua saa ngapi. Yeye ndiye mwenye lango. Na usimseme kwa patron wake kwamba alikosa, atapoteza kazi na atakayekuja baada yake atafungua vilevile.

Mama Shaba, Bel-Air

Ndugu sentineli, nimesoma maneno yako mara tatu. Nilikuwa namchukia yule kijana mwenye ufagio tangu jana. Sikujua.

Karani wa mambo ya sheria

Kwa wanaouliza sheria inasema nini: Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, dekreti ya 30 Julai 1888, kifungu cha 261. Mwenye mnyama, au anayemtumia wakati anamtumia, anawajibika kwa hasara iliyoletwa na mnyama huyo, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, awe amepotea au ametoroka. Kwa hiyo "alitoroka" si jibu, na "anataka kucheza" si jibu. Kitenge, sindano, gharama za hospitali, vyote vinadaiwa. Weka karatasi zote, piga picha mkwaruzo leo kabla haujapona. Lakini kwa jinsi ninavyoona mashauri ya majirani yanavyokwenda, anza nyumbani kwake, kisha kwa chifu wa kartie mbele ya mashahidi wawili. Mahakama iwe mwisho.

Mama Shaba, Bel-Air (siku ya pili)

Nimetoka hospitali. Walitaka kunirudisha na vidonge vya maumivu tu, wakisema mkwaruzo ni mdogo. Nikasema neno kwa neno nilivyofundishwa hapa, mpaka daktari mwenyewe akaja. Sindano ya kwanza nimepata, ya siku ya 3 nimeambiwa niitafute famasi mwenyewe.

Kwa sentineli nilipita saa tano, patron akiwa kazini. Nilimpelekea sambusa mbili na chai. Alidhani nimekuja kumgombeza, akasimama na kuvua kofia. Mbwa anaitwa Jack. Alikuwa kwenye mnyororo chini ya mpapai, na nilipomwona hivyo nilishindwa kukasirika: shingoni manyoya yameisha pale mkanda unaposugua, na ardhi mbele yake imechimbika duara, kiasi cha urefu wa mnyororo. Anafunguliwa saa kumi na mbili kasoro robo. Sisi tunapita saa kumi na mbili na dakika tano hivi. Ni hilo tu. Dakika 20 zilitukutanisha.

Jioni nikarudi kwa papa mwenyewe, na mume wangu, ili isionekane ni ugomvi wa mwanamke na mbwa. Tuliongea kwanza juu ya umeme uliokatika, juu ya shule za watoto. Halafu nikamwonyesha karatasi ya hospitali na kumwomba kadi ya chanjo ya Jack. Akasema mbwa wa ulinzi ukimzoesha watu atakuwa mjinga. Nikamwambia sikuomba azoeshwe watu, naomba kadi. Akanyamaza. Mke wake akajibu kutoka jikoni: "Hakuna kadi. Tangu tumemchukua hakuna."

Kukawa kimya kirefu. Kifungu cha 261 nilikuwa nacho kwenye simu, sikukitaja. Mume wangu akasema: "Mzee, tunaomba siku kumi tu umwangalie, asitoke nje, na sentineli atuambie kila jioni anakula na anakunywa." Papa akakubali hilo. Kuhusu chanjo akasema ataona.

Mwanafunzi wa mifugo, Kasapa

Umefanya vizuri kuliko wengi. Jambo moja ambalo papa huyo lazima alijue: ukimchanja Jack leo, siku 10 za kumwangalia zinabaki palepale, chanjo ya leo haifuti kilichotokea jana. Zikiisha salama, achanjwe mara moja.

Sasa Shaba. Nitaandika kirefu.

Watoto wa mbwa wana kipindi, kama kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14, ambacho chochote wanachokiona kwa utulivu kinaingia kama kitu cha kawaida cha dunia. Shaba kilishampita, lakini bado ni mdogo, na umri huu tukio moja la kutisha linaweza kukaa ndani muda mrefu. Siku tatu nne hizi usimtoe kabisa upande wa lango la kijani. Mwache alale, acheze, atafute vipande vya nyama kwenye majani ndani ya parseli. Hofu haiondoki kwa kuzamishwa ndani yake.

Baada ya hapo tafuta umbali ambao Shaba anaweza kumwona mbwa na bado anakula. Pafu ndiyo mizani yako. Akila, umbali ni mzuri. Akichukua kwa kunyakua mpaka anauma vidole, mko ukingoni. Akikataa, mko karibu mno, geukeni. Inaweza kuwa mita 10, inaweza kuwa 60. Usiamue wewe, yeye ndiye atakayekuambia.

Na mpangilio ni huu, usiugeuze: kwanza anamwona mbwa, halafu nyama inakuja. Si nyama kwanza ili asimwone. Mbwa akiwa anaonekana, vipande vinafuatana. Mbwa akipotea kwenye kona, mkono wako unarudi mfukoni. Dakika tano zinatosha. Baada ya siku nyingi utaona akimwona mbwa kwa mbali anageuka kukutazama wewe: "nimemwona, iko wapi?" Siku hiyo utuandikie hapa.

Bukari iliyokauka haitoshi kwa kazi hii. Bukari ni ya mafunzo ya ndani. Mbele ya mbwa mwingine unahitaji kitu chenye harufu: pafu, ini, au ndakala (samaki wadogo wakavu), ila ndakala uziloweke na kumwaga maji mara mbili, chumvi nyingi si nzuri kwake.

Ndani ya parseli mfundishe pia neno "tugeuke". Unasema kwa sauti ya furaha, unageuka, anakufuata, anakula. Mara 20 kwa siku, kama mchezo, mpaka miguu yake igeuke kabla hajafikiri. Neno hilo ndilo litakalokutoa kwenye taabu.

Na ikiwa mbwa huru ameshatokea na anakuja? Usikimbie. Ukiwa na nafasi, vuka barabara au ingia nyuma ya gari lililosimama. Akiendelea, mweke Shaba nyuma ya miguu yako, simama ubavu, usimkazie macho, sema "Rudi!" kwa sauti nzito isiyo ya kilio. Beba konzi ya ndakala upande wa pili wa mfuko: zirushe zote usoni pake, zitawanyike chini. Wengi husimama kuokota, nanyi mnaondoka kwa kutembea. Akifika kabisa na mwili wake umelegea, mkia uko katikati, legeza kamba, maana kamba iliyokazwa inamnyanyua Shaba kifua na kwa lugha yao ni kama anatukana. Hesabu moja, mbili, tatu, kisha "tugeuke". Kumnyanyua, nyanyua ikiwa anaumizwa kweli, mgeuzie huyo mbwa mgongo, na ujue kwamba anaweza kurukia mikono yako, kama alivyofanya Jack. Wakishikana, mkono usiingie katikati. Ndoo ya maji, ubao, mwavuli wa dada wa Goma, chochote kisicho mkono wako.

Jambo la mwisho, wengi hulisahau: Shaba ni jike. Kati ya miezi sita na mwaka atapata joto lake la kwanza, nalo huchukua kama wiki tatu. Hao mbwa saba watakuwa kumi na saba langoni kwako. Wiki hizo asitoke kabisa. Ongea mapema na veterineri juu ya kumfunga uzazi.

Papa wa Katuba

Mwanafunzi, umenifundisha kitu leo. Fimbo yangu nitabaki nayo, lakini la kuokota ndakala nitalijaribu.

Mama Shaba, Bel-Air (siku ya kumi na moja)

Jack ni mzima. Anakula, anakunywa, amebweka usiku wote kama kawaida yake. Hospitali wamenisimamishia sindano baada ya tatu. Sentineli alinitumia ujumbe kila jioni bila kukosa, siku nyingine neno moja tu: "Amekula."

Na papa mwenyewe amempeleka Jack kuchanjwa. Sikumkumbusha. Mke wake ndiye aliyeniambia kanisani.

Shaba tumeanza naye upande wa pili, tukielekea barabara kubwa. Umbali wake ulikuwa miti mitano. Nahesabu kwa miti, si kwa mita. Siku ya kwanza alimwona mbwa mweupe wa duka, akaganda, akakataa pafu, tukageuka. Siku ya nne akala kwenye mti wa tano.

Konzi ya ndakala nimeitumia mara moja, kwa wale wawili wembamba wa mama muuza makala (makaa). Ilifanya kazi ajabu. Tatizo ni kwamba sasa wananingoja. Kila asubuhi wako kwenye kona, mikia inatikisika, wananifuata nyuma nyumba nne. Si wakali, wana njaa tu. Lakini Shaba hawezi kujifunza chochote na wawili nyuma yake.

Mwanafunzi wa mifugo, Kasapa

Hilo ni kosa langu, nilipaswa kusema: ndakala ni za wakati wa hatari, si za kila siku. Badilisha njia wiki moja. Na mama wa makala anajua mbwa wake wanakufuata?

Mama Shaba, Bel-Air

Nimemuuliza. Anasema wanakula wanachopata, yeye mwenyewe anakula anachopata. Usiku wanalala kwenye majivu ya mbabula (jiko la makaa) yake, baridi hii ya Julai wana mahali gani kwingine? Sikuwa na la kumjibu. Tumekubaliana nampa mabaki ya bukari jioni awape mwenyewe pale kibandani, wapate sababu ya kubaki kwake. Chanjo nitawalipia hao wawili, kidogo kidogo. Kama kuna mtu wa Bel-Air anayesoma hapa na anaweza kuchangia, tuonane.

Mwenye mbwa watatu, Rwashi

Mimi siko Bel-Air, lakini niambieni pa kwenda na wangu wawili.

Mwanafunzi wa mifugo, Kasapa

Papa, njoo nao hapa kwenye kitivo chetu, asubuhi, kila mmoja na kamba yake hata kama ni ya mkonge. Mara ya kwanza watavuta sana. Anza kuwavalisha nyumbani siku mbili tatu kabla. Na mkumbuke 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ulizeni mapema kwa veterineri wa komini yenu kama kutakuwa na chanjo ya bei nafuu.

Mama Shaba, Bel-Air (wiki ya sita)

Mwanafunzi, uliniambia siku hiyo nikuandikie. Ni leo. Mbwa mweupe wa duka alitokea kwenye mti wa tatu, bila mtu, bila kamba, akasimama katikati ya njia. Shaba akamwona. Nikahisi kamba inakuwa nzito kidogo. Kisha akageuza kichwa, akanitazama usoni, akangoja. Nilimpa mkono mzima wa ini, nikachuchumaa kwenye vumbi nikalia. Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la mikate akaniuliza nani amekufa.

Mambo yote hayajanyooka. Jack bado anatolewa nje asubuhi, papa hajakubali kamba, amekubali saa tu. Na kuna mbwa mweusi wa parseli ya mwisho ambaye mwenyewe hataki hata salamu yangu, huko hatupiti. Mwezi ujao tutaanza kukaa ndani kumngojea huo msimu wake wa joto.

Lakini sentineli ameanza kitu ambacho sikumwomba. Kama Jack bado yuko nje tunapokaribia, anapiga mluzi mara mbili. Akiwa amesharudishwa, anapiga mara moja. Leo alipiga mara mbili. Nikasema "tugeuke", na Shaba alikuwa ameshageuka.